Mwenye Kansa Bado Ni Askari

Askari anapojeruhiwa kwa risasi, hakuna mtu kikosini anayeuliza afanyiwe nini. Jeraha litafungwa, atabebwa, atafikishwa hospitali, na wenzake watakwenda kumtazama wakiwa na matunda na habari za kambini. Akirudi na mguu usiokunjika vizuri, mkuu wake atamtafutia mahali ghalani, au kwenye redio, au kwa karani, wala hatasikika mtu akilalamika kwamba fulani amependelewa. Hiyo ni desturi njema ya vikosi vyetu, na hatuna haja ya kuwafundisha wasomaji wetu jambo wanalolijua tangu siku ya kwanza ya mafunzo.

Lakini askari huyo huyo akipatikana na kansa, ugonjwa ambao wengine huuita saratani, desturi hiyo hupotea ghafula. Wenzake hunong'ona. Aliyekuwa akila naye sahani moja hutafuta sahani yake. Mkuu wake, ambaye si mtu mbaya, husema moyoni kwamba huyu amekwisha, na huanza kufikiria jina la yule atakayeshika nafasi yake. Na mgonjwa mwenyewe mara nyingi ndiye wa kwanza kuamini hivyo.

Tunataka kulizungumza jambo hili leo bila kuzunguka. Tumeliona kwa macho yetu, na tunaamini kwamba uhai wa askari wengi, wanaume kwa wanawake, unategemea neno na kalamu ya mkuu wa kikosi kuliko wakuu wenyewe wanavyodhani.

Tulimfahamu sajini mmoja, dereva wa malori, ambaye hatutamtaja jina wala kikosi. Alikuwa ameendesha magari ya jeshi kwa miaka 14. Uvimbe ulimtoka upande wa shingo, akauficha chini ya kola ya shati kwa miezi mingi. Tulipomwuliza baadaye kwa nini alinyamaza, alijibu kwamba alikuwa na watoto watano na nyumba ya kambini, na kwamba mtu akisema neno kansa mbele ya mganga wa kikosi, kesho yake anaambiwa arudishe magwanda. Hatukuweza kumwambia kwamba amekosea, maana yeye aliwahi kuliona likitendeka kwa mwingine.

Alipofika hospitali hatimaye, madaktari walimwambia kwamba anahitaji tiba ya mionzi, siku tano kila juma, kwa majuma saba. Kikosini alikuwa amepewa karatasi ya siku 14. Siku 14 zilipokwisha, hakuna aliyeandika karatasi nyingine. Karani, ambaye alikuwa akitimiza kazi yake kama alivyofundishwa, aliita majina asubuhi, jina la sajini halikuitikiwa, akaandika kwamba hayupo. Baada ya muda likaandikwa neno mtoro. Mshahara ukasimama. Mkewe akapiga simu akilia kwamba duka la kambini limekataa kumkopesha unga. Yakiwa yamebaki majuma matatu ya tiba, sajini akapanda basi kurudi kwenda kutetea mshahara wake. Jambo hilo lilichukua zaidi ya mwezi kutengenezwa.

Tiba ya mionzi haikubali kukatizwa namna hiyo. Chembe za kansa zilizosalia hupata nafasi ya kuzaana upya, na kila juma linalopotea hupunguza tumaini la kupona. Tulimzika mwaka uliofuata, kwa heshima zote, na bunduki zikapigwa juu ya kaburi lake. Hatusemi kwamba karatasi ndiyo iliyomwua. Tunasema tu kwamba siku ile bunduki zilipolia tulikumbuka zile siku 14, na tuliona haya.

Tunaye pia wa kumsimulia kwa furaha. Ni koplo wa polisi, mwanamke, mpelelezi wa kesi za wizi na mauaji katika wilaya ya mbali. Alipatikana na kansa ya titi, akapasuliwa, kisha akaanza dawa za dripu. Mkuu wa kituo chake hakuwa na elimu yoyote ya uganga, lakini alifanya jambo moja ambalo tungependa kila afisa alifanye. Alikwenda mwenyewe kwa daktari, kwa idhini ya koplo, akamwuliza maswali matatu tu: huyu mtu wangu anaweza kazi gani, hawezi kazi gani, na mpaka lini? Daktari akamwandikia. Mkuu wa kituo akarudi na kalenda ya ukutani, akatia alama ya kalamu nyekundu kwenye siku za dripu na siku za udhaifu, na alama ya kalamu ya buluu kwenye siku ambazo koplo angeweza kukaa mezani na kusoma majalada. Kesi za nje zikapewa vijana wawili, nao wakaamriwa wamletee koplo maelezo ya mashahidi ayapitie. Vijana wale walijifunza upelelezi katika miezi sita hiyo kuliko walivyojifunza chuoni.

Tofauti kati ya sajini na koplo haikuwa bahati peke yake. Ni kweli kwamba ugonjwa haukuwa mmoja. Lakini mmoja alikuwa na mkuu aliyeuliza maswali matatu, na mwingine hakuwa naye.

Labda msomaji anasema: mbona mnajisumbua, na kansa ni kifo? Huyu tungependa apande nasi kilima cha Mulago, jijini Kampala, ilipo Taasisi ya Kansa ya Uganda. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1967, kikiwa kidogo, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakipatwa na uvimbe wa taya ambao leo dunia nzima huuita kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago aliyeueleza katika maandishi yake ya mwaka 1958. Mwaka 1961 daktari huyo na wenzake wawili walichukua gari lililokwisha kutumika sana wakasafiri maelfu ya maili kutoka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza katika kila hospitali waliyopita kama ugonjwa huo unaonekana hapo. Dereva yeyote wa jeshi atawavulia kofia. Watoto waliotibiwa Mulago kwa dawa katika miaka ya 1960 na 1970, wengi wao walipona, na kansa hiyo ikawa miongoni mwa zile za kwanza duniani kuthibitisha kwamba dawa peke yake zaweza kumponya mtu. Wamarekani waliokuwa wakishirikiana na kituo hicho walipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Uganda wakiongozwa na Charles Olweny waliendelea kutibu. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba hapana aliyepata kupona kansa, anasema hivyo katika nchi ambayo ni kati ya zile zilizouonyesha ulimwengu kinyume chake.

Hatutaki kuficha upande wa pili. Nchini Uganda hupatikana wagonjwa wapya wa kansa zaidi ya 30,000 kila mwaka, na wengi wanaofika hospitali hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago, iliyokuwa ikitumika tangu miaka ya 1990, iliharibika kabisa, na baadhi ya wagonjwa wakalazimika kuvuka mpaka kwenda Nairobi kutafuta tiba. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018, na tangu hapo nyingine zimeongezwa. Mashine zimekuja, basi. Linalobaki ni mtu kufika mapema, na mtu hawezi kufika mapema ikiwa anaamini kwamba kusema ukweli kutamnyang'anya kazi.

Tunaomba maafande wasomaji walitafakari hilo. Askari huficha uvimbe kwa sababu anaogopa ofisi kuliko anavyoogopa kansa. Kila mara kikosi kinapomwondoa mtu mmoja kwa haraka na kwa ubaridi, watu kumi wanaotazama hujifunza kunyamaza. Na kati ya hao kumi huenda yuko mmoja mwenye kidonda kisichopona mdomoni, au mama anayetokwa na damu isiyo ya kawaida, ambaye kama angekwenda mwezi huu angepona.

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe, kwa maana huruma bila ujuzi hufanya makosa. Mkuu mwenye moyo mwema anaweza kumwambia mgonjwa, "Nenda nyumbani upumzike, usijali," akidhani amemtendea wema. Mgonjwa yule akikaa nyumbani miezi sita bila kuonana na wenzake, akitazama ukuta, huanza kujiona maiti. Tumewasikia wengi wakisema kwamba siku waliyorudishwa kazini, hata kwa saa nne tu, ndiyo siku waliyojiona watu tena. Lakini mkuu mwingine, mwenye moyo mwema vilevile, humrudisha mgonjwa moja kwa moja kwenye zamu ya usiku ili asionekane kambubagua, na huyo humwumiza.

Inafaa kujua kwamba dawa nyingi za dripu hutolewa kwa mizunguko, na mzunguko wa majuma matatu ni wa kawaida. Siku chache za kwanza mtu hutapika, hana hamu ya chakula, mwili hauna nguvu. Kisha, kwa wengi, kati ya siku ya saba na ya 14, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo walinzi wa mwili, hupungua sana. Huu ndio wakati wa hatari ijapokuwa mgonjwa anaweza kuonekana mzima. Asilale katika bweni lililojaa watu wanaokohoa. Asipelekwe kusafisha vyoo wala kuchimba mashimo ya taka. Juma la tatu nguvu hurudi, na ndilo juma la kumpa kazi. Mkuu anayejua mpango huu anaweza kupanga zamu zake kama anavyopanga likizo. Asiyeujua humwona mtu yule leo mgonjwa, kesho mzima, akaamua kwamba ni mwongo.

Hapa tunaomba usikivu wa waganga wa vikosi hasa. Katika nchi zetu askari akishikwa na homa, neno la kwanza ni malaria, na dawa ya kwanza ni ya malaria. Kwa mtu aliye katika dawa za kansa, homa ya digrii 38 ni amri ya kumkimbiza hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane na gari lililopo ni moja. Huenda ni malaria kweli, na apimwe. Lakini huenda ni maambukizo ya damu ambayo humwua mtu asiye na chembe nyeupe kabla ya kupambazuka. Kumpa vidonge na kumwambia aje asubuhi ni kosa ambalo halina marekebisho.

Yako mambo mengine ambayo jicho halioni. Baadhi ya dawa hizo hufanya vidole vife ganzi, na ganzi hiyo yaweza kudumu miezi mingi. Mtu wa namna hiyo asifungue wala kuunganisha silaha peke yake, wala asikabidhiwe usukani, mpaka daktari aseme. Lakini anaweza kushika daftari la ghala vizuri sana. Baadhi hudhoofisha moyo, kwa hiyo asikimbizwe kilomita tano na mzigo mgongoni kwa sababu tu nywele zake zimeota tena na uso umenawiri. Aliyeondolewa tezi za kwapa pamoja na titi, mkono wa upande ule waweza kuvimba na kubaki umevimba. Asiuvalie mkanda wa bunduki begani, asiubebee ndoo wala sanduku la risasi, na hata jeraha dogo la mkono huo litibiwe mara moja. Mzee wetu aliyepasuliwa tezi dume huenda akahitaji kwenda haja ndogo kila baada ya nusu saa. Ukimweka lindo la saa sita juu ya mnara umemtesa na kumfedhehesha, lakini ukimweka kwenye kaunta ya kituo, karibu na choo, una askari kamili mwenye uzoefu wa miaka 25.

Uchovu wa kansa ni jambo linalowashangaza watu kuliko yote. Hauondoki kwa usingizi, na unaweza kuendelea miezi mingi baada ya tiba kwisha. Mtu hurudi kikosini akishangiliwa, wote wakidhani mambo yamekwisha, na baada ya majuma mawili anaanza kuchelewa gwaride la asubuhi. Hapo sajini meja wa kikosi hukunja uso. Afadhali mtu huyo aanze kwa saa chache, kisha nusu ya siku, kisha siku nzima, kwa tarehe zilizoandikwa, kuliko kuanza na siku nzima akaanguka.

Na kuna la nywele, ambalo wanaume hulicheka. Yule koplo wetu alipokatika nywele zote, kofia ya polisi ikawa inamcheza kichwani na kumkwaruza ngozi. Mkuu wa kituo akamruhusu kuvaa kitambaa cheusi chini ya kofia. Hakuomba baraza lolote likae. Koplo alituambia kwamba katika mambo yote aliyotendewa, hilo ndilo lililomfanya alie.

Tunajua yatakayosemwa na wakuu wa vikosi, maana tumewahi kuyasema sisi wenyewe. Watu ni wachache. Mmoja akisamehewa lindo, mwingine atalikesha. Ni kweli. Askari wenzake watanung'unika, na katika kunung'unika kwao kuna haki kidogo, kwa sababu wao ndio wanaolipa. Mkuu asijifanye kwamba jambo hilo halipo. Aligawe lindo hilo kwa zamu, kwa haki, asimwangushie kijana mmoja asiye na msemaji. Lakini kisha ahesabu vilevile upande wa pili. Fundi wa silaha, mpiga redio, mpelelezi aliyezijua familia zote za wezi wa ng'ombe katika tarafa yake, hao hawapatikani kwa tangazo la kuandikisha vijana. Imechukua miaka 10 au 15 kumtengeneza mtu wa namna hiyo. Miezi sita ya kumbeba ni bei ndogo.

Tutaambiwa pia kwamba wako wanaojifanya wagonjwa. Wako. Tangu majeshi yaanze wamekuwako, na mgongo unaouma siku ya gwaride la mkaguzi tunaufahamu sote. Ila kansa ni ugonjwa mgumu kuigiza. Haithibitishwi kwa maneno ya mgonjwa. Hukatwa kipande kidogo cha nyama, kikatazamwa kwa darubini, na karatasi ya maabara ikatolewa. Mkuu anayo haki ya kuiomba karatasi hiyo na kuiona. Hana haki ya kuisoma mbele ya gwaride. Wanaopaswa kujua ni yeye, mganga wa kikosi, na karani kwa kadiri ya tarehe tu. Mengine ni ya mgonjwa mwenyewe kuyasema akipenda.

Kuhusu wale wanaohamisha vitanda, jibu ni fupi: kansa haiambukizwi kwa sahani, kitanda, jasho wala kushikana mikono. Aliyekuwa akila naye aendelee kula naye.

Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba tumewahi kupita njia hii. Mwaka 1986 maafisa 60 wa jeshi la Uganda walipelekwa Kuba kwa mafunzo, wakapimwa huko, na 18 kati yao wakakutwa na virusi vya Ukimwi. Habari hiyo ililitikisa jeshi. Wakati ule hapakuwa na dawa, na hofu ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kansa leo. Ilichukua miaka mingi, na makosa mengi, mpaka ikaeleweka kwamba askari mwenye virusi anaweza kutumikia, kupewa kazi inayolingana na afya yake, na kumeza dawa bila kujificha. Leo vijana wengi wanaona hilo ni jambo la kawaida kama maji ya mtungi. Na kuna sababu nyingine ya kuyataja hayo: baadhi ya kansa, kama ile ya ngozi yenye madoa ya zambarau iitwayo Kaposi, na ile ya mlango wa kizazi, huwashika zaidi watu wenye virusi hivyo. Kwa hiyo askari aliyestahimili vita vya kwanza anaweza kukutana na vya pili, na ni ajabu ikiwa tulijifunza kumshika mkono mara ya kwanza kisha tukamwacha mara ya pili.

Wengine hudhani sheria itamlinda. Tusijidanganye. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza, na ikamruhusu mwajiri kuvunja mkataba ikiwa mwezi wa pili umekwisha na ugonjwa ungali unaendelea. Msomaji apige hesabu: mizunguko sita ya dripu, kila mmoja majuma matatu, ni majuma 18. Hiyo ni miezi minne na zaidi, mbali na upasuaji na mionzi. Sheria ile iliandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye mguu uliovunjika. Na hata hiyo haikuwagusa askari wa jeshi. Iliwahusu raia walioajiriwa na jeshi tu. Askari wa jeshi yuko chini ya sheria na kanuni za jeshi lake, na mamlaka makubwa yako mikononi mwa wakuu wake na bodi ya madaktari. Kwa mtazamo wetu jambo hilo laweza kuwa baya au jema. Kwa mkuu mvivu ni baya. Kwa mkuu mwenye kujali ni jema, maana hafungwi na miezi miwili ya mtu yeyote.

Kuhusu bodi tuna neno moja. Tunaona si haki kumwita mtu mbele ya bodi ya kuamua hatima yake wakati bado yuko katikati ya matibabu, amekonda, hana nywele, anashikilia ukuta akitembea. Mtu huyo huyo baada ya miezi minane anaweza kuwa mwingine kabisa. Tiba imalizike kwanza, mwili upewe muda, kisha apimwe kwa kazi anayoweza kuifanya kikosini, si kwa mbio za kuruta.

Wako ambao hawatarudi, na kuwadanganya ni kuwadharau. Ugonjwa ukishinda, kazi ya mkuu haijaisha, imebadilika tu. Wakati mtu bado ana akili timamu na mkono unaoweza kutia sahihi, karani aende kitandani kwake. Majina ya mke au wake na watoto yaandikwe vizuri, nambari ya benki ihakikishwe, karatasi za mafao zijazwe zote. Tumeona wajane wakizunguka ofisi mwaka mzima kwa sababu jina la mtoto liliandikwa kwa herufi moja pungufu. Na familia isiambiwe habari za kuhama nyumba ya kambini wakati mgonjwa yu hai na anasikia.

Umbali nao ni adui. Kutoka Moroto hadi Mulago ni safari ya zaidi ya kilomita 400, na mtu aliyetoka kwenye dripu akiwa anatapika hawezi kusafirishwa juu ya gunia za mahindi. Tiba ya kansa sasa inapatikana pia Mbarara, na huko kaskazini kituo kimejengwa Gulu, jambo linalowapunguzia wengi mwendo. Lakini kwa mionzi ya majuma sita au saba mtu anahitaji mahali pa kulala. Kila kikosi kina wenzake wenye kambi karibu na Kampala. Simu moja kutoka kwa mkuu kwenda kwa mkuu mwenzake hupata kitanda na sahani ya posho, na huenda hata kazi ndogo ya kufanya jioni baada ya mashine, ili mtu aitike jina lake asubuhi na asiandikwe mtoro.

Ndiyo maana tunarudi kwa karani. Hatuombi ofisi mpya wala fedha mpya. Tunaomba ukurasa mmoja katika daftari la kikosi au la kituo, wenye nambari ya askari, tarehe ya dripu au ya mionzi, tarehe ya kurudi kama ilivyoandikwa na daktari, simu ya wodi, na sahihi ya mkuu kila mwisho wa mwezi. Jina lililo katika ukurasa huo lisiandikwe mtoro mpaka wodi imepigiwa simu. Koplo wetu amerudi kwenye kesi za nje tangu mwaka jana, na kalenda ile yenye alama nyekundu na buluu bado iko ukutani kwa sababu mkuu wa kituo amekataa iondolewe. Daftari mnalo na karani mnaye. Mwisho wa mwezi huu orodha ya mishahara itakapoletwa mezani, tunaomba ukurasa huo uwe umekwisha kufunguliwa.